Shosti, ile muvi imenikata stimu

Shosti wangu, mambo? Watoto hawajambo? Mi mzima ila jana nimelala na kinyongo. Nimeimaliza ile muvi ya The Girl on the Train, ya 2016, ya Emily Blunt, najua ulinambia nisiwe na haraka nayo lakini si we ndo ulonipa kitabu ukasema nikianza silali, na kweli sikulala, sasa ningeachaje kuiangalia.

Yani wameihamishia New York! Kitabu cha Paula Hawkins ni London tupu, Rachel, yule mhusika mkuu, anapanda treni ya saa 2 na dakika 4 asubuhi kwenda stesheni ya Euston, linajikongoja, linasimama pale kwenye signali mbovu karibu kila siku, ndo anapata muda wa kuwatazama wale mke na mume wa nyumba namba 15 mpaka anawapa majina yake mwenyewe. Kwenye muvi ni majumba ya kitajiri, miti, nafasi tele. Ule ukaribu haupo.

Na Rachel wa kitabu kanenepa, uso umevimba kwa pombe, watu wanamkwepa. Emily Blunt kaigiza vizuri, simnyimi, yale macho ya ulevi yalinitia huruma kwelikweli, ila bado mrembo.

Lakini kilichoniuma hasa ni ule uongo wa Tom, yule aliyekuwa mume wa Rachel. Kwenye kitabu kamjaza Rachel maneno kuhusu zile siku akilewa hakumbuki kitu, eti alifanya fujo, eti alimjia na fimbo ya gofu, na sisi tunaamini kwa sababu tuko kichwani mwa Rachel na yeye mwenyewe anaamini. Halafu kidogo kidogo kumbukumbu inarudi, anagundua kile alichokuwa nacho siku ile sio hasira, ni woga, Tom ndo alikuwa kaishika ile fimbo. Anakumbuka mwenyewe shosti! Kwenye muvi wamemleta Martha, mke wa bosi wa Tom, wanakutana kwenye treni, anamwambia we hukufanya kosa lolote siku ile ya pati, ile Tom aliyodai eti Rachel kafanya fujo. Basi, imeisha. Miaka yote ya kujitilia shaka inamalizwa na mtu baki kwa dakika mbili.

We unajua nilivyokaa na yule bwana, kila nikisema kitu naambiwa "umeota wewe", mpaka nikawa naandika mambo kwenye daftari nifiche chini ya godoro ili nijue sijachanganyikiwa. Hakuna aliyekuja kuniambia. Ndo maana ile sehemu kwenye kitabu niliisoma nalia, na jana nilikuwa naisubiri hiyo hiyo, nimezima taa na simu, ikapita hivi hivi.

Kitabu chako sikirudishi wiki hii, nivumilie. Nimeanza tena kutoka mwanzo.

Wako,
shosti yako wa siku zote