Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Klabu yetu imekuwa ikichunguza jambo moja: nchi huzeeka kwa kasi gani?

Kipimo kinachotumika sana ni muda unaopita tangu watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wafike asilimia 7 ya wananchi wote hadi watimie asilimia 14. Ufaransa ilianza safari hiyo katika miaka ya 1860, ikaimaliza karibu na mwaka 1980. Zaidi ya karne nzima! Uswidi ilichukua miaka ipatayo 85. Japani ilianza 1970, ikamaliza 1994. Korea Kusini ilianza 2000, na kufikia 2018 imeshamaliza.

Mheshimiwa, wengi wetu tulidhani nchi huzeeka kwa sababu watu wake wanaishi sana. Hilo limo, lakini lenye nguvu zaidi ni kupungua kwa uzazi. Mwaka 1960 mwanamke wa Korea Kusini alizaa kwa wastani watoto takriban sita. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72. Watoto wakipungua, sehemu ya wazee hupanda hata kama hakuna aliyeongezewa siku.

Kinachotuumiza ni hatima ya wazee wenyewe. Ufaransa ilipata vizazi kadhaa vya kujenga pensheni na matunzo. Korea Kusini ilianzisha pensheni ya taifa mwaka 1988, wakati wengi walio wazee leo walikuwa wamekwisha tumia sehemu kubwa ya miaka yao ya kazi bila kuchangia. Ndiyo maana nchi hiyo tajiri ina umaskini mkubwa wa wazee kuliko karibu nchi zote zilizoendelea. Japani nayo ilianzisha bima ya matunzo ya wazee mwaka 2000, ilhali asilimia 14 ilikwisha kupita.

Kwa hiyo tunaona si sahihi kulinganisha nchi kwa takwimu za mwaka mmoja tu. Tunaomba utusaidie kupata matokeo ya sensa za miaka mbalimbali, yaliyogawanywa kwa umri, yawekwe katika maktaba yetu. Tunaomba pia uwafikishie watunga sera rai yetu: mipango ya pensheni na matunzo ianze kabla wazee hawajafika asilimia 7.

Tunaomba kuwasilisha.