Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuache Kusema "Iko kwa Rangi"

Wanachama wenzangu, mafundi wa vyuma, hamjambo. Mahesabu ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, na mambo ya kiwanja katibu ameshayabandika ukutani. Mimi nina moja tu: muda anaongoja mteja tangu atoe dipositi hadi apakie mlango wake kwenye mkokoteni.

Mnakumbuka mkutano wa Februari hapa Kibuye, Kisumu. Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha Kondele alisimama akasema amejibiwa "iko kwa rangi" mara tano, na alipopita mwenyewe kibandani akakuta geti lake halijakatwa hata tyubu moja, yaani bomba la chuma. Tulicheka. Kisha kukawa kimya, maana kila mmoja wetu analo geti kama hilo.

Tukaamua kupima kwanza kabla ya kulaumiana. Tulichagua geti moja la kawaida kwenye kibanda changu, tukatundika daftari la shule kwa waya kando yake, na kila aliyeligusa akaandika saa aliyoanza na saa aliyoacha. Geti lilitoka siku ya 19. Saa za mikono, yaani kupima, kukata, kuchomelea, kupiga grainda, kupaka redoksaidi ya kuzuia kutu na rangi, zilikuwa 11. Siku zilizosalia liliegemea ukuta likingoja: tyubu mbili zilizopungua, bawaba, grainda aliyoazima jirani, stima irudi, rangi ikauke. Ukurasa mmoja mzima una mstari mmoja tu wa kijana wetu: "Nimelisogeza ili tupite."

Kuna waliosema dawa ni kuchomelea haraka. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini hata fundi akichomelea kwa kasi maradufu, ataokoa saa mbili tatu katika siku 19, na mishono itakuwa mibaya.

Ugonjwa wenyewe ni dipositi. Pesa ya oda ya leo inanunua chuma cha oda ya wiki jana, na ili ya leo ipate chuma lazima kesho aje mteja mwingine. Kwa hiyo tunapokea kila kitu na kuanza kila kitu, halafu tunaruka ukuta wa mageti nusu nusu kwenda kutafuta patasi. Kibanda chenye kazi 24 zilizofunguliwa, kinachotoa kazi 6 kwa wiki, kitamngojesha mteja wa leo wiki 4 kwa wastani, hata fundi awe hodari vipi. Mmarekani John Little aliithibitisha hesabu hiyo mwaka 1961, ingawa mama anayekaanga samaki anaijua siku zote: anatazama foleni, anatazama karai lake, anakuambia nenda urudi saa nane.

Kuanzia Mei, vibanda 14 vilikubali kupiga misumari 8 kila kimoja ukutani. Kila oda inatundikwa kwenye msumari wake. Misumari ikijaa, mteja mpya anaandikwa kwenye foleni na hatoi hata shilingi. Anayepata msumari, chuma chake chote kinanunuliwa siku ile ile, na bawaba zake na komeo lake, kinafungwa pamoja kwa waya. Kupaka rangi tumekupeleka asubuhi, kwa kuwa mvua ya hapa hupenda kuja mchana ukiisha. Stima ikipotea, tunapima na kukata kwa msumeno wa mkono badala ya kukaa kivulini. Geti kama lile sasa linanitoka kwa siku 7 au 8. Vibanda viwili vilijitoa, wakisema mteja usiyechukua pesa yake leo anaenda kwa jirani. Hawakusema uongo: mwezi wa Juni mimi nilipoteza wawili hivyo hivyo.

Mashine yetu ya kukunja bati nayo ilikuwa inakula siku. Kuigeuza kutoka kukunja masanduku hadi kukunja majiko kulichukua asubuhi nzima, nusu yake tukitafuta spana. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo aliikuta Toyota mwaka 1969 na presi, mashine ya kugandamiza chuma, ya tani 1,000 iliyochukua saa 4 kubadilishwa kutoka kazi moja hadi nyingine. Muda huo ukashushwa hadi dakika 90, baadaye hadi dakika 3, kwa kutayarisha kila kinachowezekana mashine ikiwa bado inafanya kazi. Sisi hatuna presi hiyo, ila spana sasa zimefungwa mnyororo pale pale, vipimo vimechorwa kwa rangi kwenye meza, na anayefuata huleta bati lake likiwa limeshakatwa. Kubadilisha hakufiki nusu saa.

Kununua tyubu kwa pamoja kutoka Nairobi kulitushinda. Lori lilikuja mara moja, Agosti. Mara ya pili waliochanga walikuwa watano tu. Lawama ni yangu, nilipokea ahadi mahali pa pesa.

Na Desemba nilivunja sheria niliyoitetea mbele yenu. Masanduku ya wanafunzi wa Januari yalinitia tamaa, nikapigilia misumari 6 ya ziada. Mzazi mmoja alikuja jioni ya kuamkia siku ya kufungua shule akakuta sanduku la mwanawe halina komeo. Nilimnunulia la jirani kwa pesa yangu, kwa bei ya jirani. Misumari hiyo nimeing'oa, na matundu bado yanaonekana.

Mkutano huu uamue mawili. Je, msimu wa masanduku tuwe na misumari 10, au tubaki na 8 na kuanza kuyatengeneza Oktoba? Mimi napendelea Oktoba, lakini anayekubaliana nami aniambie pia pesa ya bati itatoka wapi. La pili ni grainda ya chama: imekuwa kwa mwanachama mmoja tangu Novemba, naye yuko hapa, ameketi safu ya nyuma.