Barua kwa Rehema: hesabu za Julai hadi Septemba

Dar es Salaam,
14 Oktoba 2024

Mwenzangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka huku. Natumai wewe, mama na watoto hamjambo, na kiwanda chako cha sabuni kinanguruma. Leo ofisi zimefungwa kwa sikukuu ya Mwalimu, kwa hiyo nimekaa na makaratasi yako ya robo ya tatu bila simu kuniingilia. Hesabu uliyoandika inaonesha faida ya sh. 28,480,000. Benki kuna milioni 4. Awamu ya kodi ya mapato ya tarehe 30 Septemba, sh. 1,500,000, hujalipa, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Septemba, sh. 5,200,000, inatakiwa tarehe 20. Umeuliza kama kuna mtu anakuibia.

Sioni mwizi, shoga yangu. Sehemu kubwa ya faida hiyo haikuwahi kuwepo, na fedha yako halisi imekaa kwenye rafu za watu kwa mali kauli.

Tuanze na mauzo. Umeandika sh. 118,000,000, yaani katoni 2,500 kwa sh. 47,200. Ndani ya kila 47,200 mna 7,200 ya serikali; wewe umeishika tu mpaka tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo yako ni sh. 100,000,000. Kuitoa VAT iliyomo ndani ya bei, gawanya kwa 1.18. Wengi huzidisha kwa 0.18, wanapata 21,240,000 badala ya 18,000,000, kisha wanashangaa kwa nini hesabu haikubaliani na ripoti Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Jumlisha ripoti Z za siku zote 92 za robo, uziweke kando ya daftari la ankara. Zikipishana hata kwa katoni moja, tafuta kabla ya kuendelea.

Kwenye manunuzi kosa ni lile lile, ila linakuumiza wewe. Umeandika 82,000,000, na ndani yake kuna 3,600,000 ya VAT uliyolipa kwenye kostiki (soda kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni), maboksi, nailoni na manukato. Hiyo unaidai, kwa hiyo si gharama. Manunuzi ni 78,400,000. Mawese unayonunua kwa wakulima wa Kigoma hayana VAT ya kudai, na usijaribu kuitengeneza. Hakikisha tu kila risiti ya kostiki ina jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, maana iliyoandikwa jina la dereva haitakufaa.

Sasa stoo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo viwanda vidogo vya sabuni vingi hujidanganya. Umehesabu katoni 400 za sabuni na kuzipa thamani ya sh. 47,200 kila moja. Maana yake umeshajipa faida ya mali ambayo hakuna aliyeinunua, na VAT juu yake! Mali iliyobaki huandikwa kwa gharama ya kuitengeneza, au kwa bei utakayoipata sokoni ikiwa hiyo ni ndogo kuliko gharama. Basi gharama ya katoni yako ni ngapi? Karatasi yako inasema 29,430. Mimi napata 32,000, na tofauti yote iko kwenye maji.

Angalia mchanganyiko wako. Kwa kilo 100 za mawese, kostiki safi inayohitajika kuyageuza yote kuwa sabuni ni kama kilo 14.1. Unaacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa, na kostiki yako ni ya asilimia 98, kwa hiyo unapima kilo 13.7. Maji kilo 35. Jumla unamimina kilo 148.7. Ukigawa kwa kilo 16 za katoni, miche 20 ya gramu 800, unapata katoni 9.3, na ndivyo ulivyofanya. Lakini sabuni ikikaa kwenye chanja wiki nne inapungua kama asilimia 10. Zinazobaki ni kilo 134, yaani katoni 8.4 hivi. Kila katoni inakula kilo 12 za mawese, siyo 10.8 kama ulivyoandika.

Kwa bei zako za robo hii inakuwa hivi: mawese kilo 12 kwa 1,800 ni 21,600, kostiki 4,100, boksi na nailoni 1,700, rangi na manukato 600, vibarua na umeme 4,000. Jumla 32,000. Ukiuza 40,000 bila VAT, faida ghafi ni 8,000 kwa katoni, asilimia 20. Kwa hesabu ya uzito wa mbichi ungeamini unapata 10,570, na ungempa mteja punguzo la 2,500 ukidhani bado umebaki na chako.

Kuna jambo jingine kwenye uzito huo huo, na halihusu vitabu peke yake. Mche ukikatwa gramu 800 ungali mbichi, mwezi ujao ni gramu 720, na boksi limeandikwa 800. Wakala wa Vipimo wakija na mizani yao hawatataka kusikia habari ya maji. Kata gramu 890. Toa miche kumi kwa kila mmimino, ipime siku ya kukata na tena siku ya kufungasha, uandike. Asilimia ya upungufu hubadilika na hali ya hewa ya Tanga, na bila kipimo chako mwenyewe gharama ya katoni itabaki ya kubahatisha.

Kwa hiyo mali ya mwisho ni katoni 400 kwa 32,000, sh. 12,800,000, pamoja na malighafi ya 8,000,000. Zile katoni 40 zilizopasuka kingo utaziuza kwa 24,000, basi punguza 320,000. Inabaki 20,480,000, wakati wewe uliandika 26,880,000.

Gharama za ofisi, pango na mafuta ya gari, 12,000,000, sina neno nazo, isipokuwa hujajilipa mshahara. Jiandikie mshahara wa kila mwezi, hata mdogo, ukatwe PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF (mchango wa pensheni), ndipo utajua kiwanda kinaweza kumlipa msimamizi au kinaishi kwa kukunyonya wewe. Uchakavu umeusahau kabisa. Mashine za milioni 48 kwa miaka mitano ni 2,400,000 kila robo. TRA, watu wa kodi, wana utaratibu wao, asilimia 25 ya thamani iliyobaki kwa mitambo ya kiwanda, lakini hiyo ni ya ritani, yaani fomu ya kodi unayowapelekea; kwenye hesabu ya kuendeshea biashara tumia umri halisi wa mashine.

Mwisho, katika orodha ya wadaiwa kuna 4,000,000 za zaidi ya siku 90. Nimetenga nusu kama deni lisilotarajiwa kulipwa. TRA hawatakukubalia kulitoa mpaka uoneshe hatua ulizochukua kulidai na kwamba limeshindikana, ila wewe usijifariji kwa fedha ambayo pengine haiji.

Twende taratibu sasa: mauzo 100,000,000. Mali ya mwanzo 11,600,000, jumlisha manunuzi 78,400,000, jumlisha vibarua na umeme 10,800,000, toa mali ya mwisho 20,480,000: gharama ya mali iliyouzwa ni 80,320,000. Faida ghafi 19,680,000. Toa 12,000,000, toa uchakavu 2,400,000, toa madeni 2,000,000. Faida kabla ya kodi ni sh. 3,280,000.

Si vibaya kama unavyodhani. Gharama zako zisizobadilika, pamoja na uchakavu, ni 14,400,000. Ukigawa kwa 8,000 unapata katoni 1,800. Chini ya hapo robo ni hasara, na wewe umeuza 2,500. Kinachonitia wasiwasi ni bei ya mawese. Ikitoka 1,800 ikafika 2,100, kila katoni inaongezeka 3,600, na katoni 2,500 zinameza milioni 9, yaani robo nzima inageuka hasara. Unakumbuka 2022, Indonesia walipozuia kuuza mafuta ya mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei. Pandisha bei wiki ile ile malighafi inapopanda, hata kwa 1,000 kwa katoni. Ukingoja mshindani aanze, stoo yako ya mafuta ya bei ya zamani itakuwa imekwisha.

Haya, fedha iko wapi? Chukua 3,280,000. Rudisha uchakavu na lile deni lililotengwa, maana hapo hakuna shilingi iliyotoka: 7,680,000. Mali stoo imepanda kutoka 11,600,000 hadi 20,480,000, toa 8,880,000. Wadaiwa wamepanda kutoka milioni 14 mwisho wa Juni hadi milioni 31, toa 17,000,000. VAT ambayo hujaipeleka imepanda kutoka 4,000,000 hadi 5,200,000, ongeza 1,200,000. Jibu ni hasi 17,000,000. Juni ulifunga na milioni 21 benki, Septemba umefunga na milioni 4. Hesabu imefunga, hakuna hata senti iliyopotea.

Sasa linganisha mauzo haya na ya robo iliyopita. Ukiweka na VAT, yametoka 106,200,000 hadi 118,000,000, ongezeko la 11,800,000. Madeni yameongezeka milioni 17. Yaani ongezeko lote la mauzo ni mali kauli, na juu yake hata wateja wa zamani wamechelewa kulipa. Mwezi Juni deni lilikuwa sawa na mauzo ya siku 12; Septemba ni siku 24. Yule kijana wako wa mauzo anayelipwa kamisheni kwa katoni anazoshusha, mlipe kwa katoni zilizolipwa. Simlaumu, anafanya kile anacholipiwa.

Tena VAT haingoji mteja alipe. Ukitoa ankara Septemba, VAT ni ya Septemba. Ndani ya zile milioni 17 mna karibu sh. 2,590,000 ya VAT ambayo umeitoa au utaitoa mfukoni mwako kwa niaba ya maduka ambayo hayajakupa kitu.

Wiki hii ifanye hivi. Unahitaji 6,700,000 na una milioni 4, kwa hiyo pengo ni 2,700,000 bila mishahara. Tarehe 20 inaangukia Jumapili, lenga Ijumaa. Usianze na wale wa siku 90, watakuchosha. Anza na milioni 8 za wale wa siku 31 hadi 60: maduka yao yako wazi, sabuni yako inaisha kwenye rafu zao na wanataka mzigo mwingine. Gari lisishushe katoni mpya kabla ankara ya zamani haijalipwa, hata ya mjomba. Anayeshindwa kabisa arudishe katoni zilizobaki, umwandikie hati ya kupunguza deni, na VAT yake uirekebishe kwenye ritani ya mwezi huo. Awamu ya kodi ya mapato ilipe mara fedha inapoingia, riba inahesabika.

Umeuliza pia kama upandishe makadirio ya kodi kwa sababu ya ile faida ya milioni 28. Hapana. Asilimia 30 ya hiyo ingekuwa 8,544,000. Bila kutoa deni lililotengwa, faida ni 5,280,000 na kodi yake kama 1,584,000, ambayo ni karibu sana na awamu yako ya 1,500,000. Yaache yalivyo, tutayatazama tena kabla ya 31 Desemba.

Kwa Desemba, simamisha kumimina mchana wa tarehe 31, wahesabu watu wawili, mmoja asiwe wa stoo. Sabuni iliyo kwenye chanja ihesabiwe peke yake kwa kilo. Katoni iliyo ndani ya gari bila ankara bado ni mali yako; yenye ankara ni deni. Septemba naona katoni 60 zilizoandikiwa ankara tarehe 30 zikaondoka tarehe 2. Nimezihesabu kama zimeuzwa na hazimo katika zile 400, lakini mwisho wa mwaka mkaguzi ataziuliza, kwa hiyo uwe na hati ya kupakia yenye sahihi ya mteja.

Nitumie orodha ya wadaiwa jina kwa jina kabla ya Alhamisi, pamoja na namba za ankara. Ile uliyoleta ina jumla tu. Nisalimie mama, na umwambie dawa yake ya miguu nimeipata, nitaituma kwa basi la Ijumaa.

Wako,
Mwanahawa