Shangazi yangu yumo kwenye hesabu yenu

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia nilikuwa bado nashika chaki. Barua ilihusu bei ya mbolea, nanyi mliikata mpaka ikabaki mistari minne, nikasema yaishe. Sasa mmenichokoza tena kwa ile taarifa ya wiki iliyopita kuhusu wazee wa vijijini "wanaonufaika" na huduma za jamii, ile yenye picha ya bibi watatu waliopangwa nyuma ya rundo la mablanketi.

Mwandishi wenu anasema wanaozitumia zaidi ni wanawake, tena wa vijiji vya kandokando ya barabara. Wazee wa kiume, na sisi wa kule ndani, "hatuna mwamko". Amejuaje? Amefungua daftari akahesabu majina. Daftari humwandika aliyefika, Mhariri. Jirani yangu, mzee wa miaka 70 na kitu, hafiki kwa sababu ana ng'ombe mmoja wa maziwa na hana wa kumkatia majani. Akishinda kliniki, ng'ombe analala njaa. Mwamko gani huo anaotakiwa awe nao?

Machi mwaka huu nilimpeleka shangazi yangu kliniki ya wazee. Ana miaka 84, anakaa ng'ambo ya korongo na wajukuu watatu walioachwa na wanawe marehemu. (Huku Makete hatuulizani walikufa kwa nini. Utafiti wa 2022/23 uliuweka mkoa wetu wa Njombe wa kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mayatima wanalelewa na bibi zao, siyo na semina.) Kwa ajili ya tope, bodaboda alitaka 7,000 kwenda na 7,000 kurudi. Wakapanda mshikaki, mjukuu wa darasa la tano nyuma amshikilie bibi yake asidondoke, shule siku hiyo basi. Mimi nilitangulia kwa miguu. Huduma ni bure, ndivyo tunavyoahidiwa wazee tusio na uwezo tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Tulipofika, dirisha la wazee lilikuwepo, na bango lake la kutaka tupishwe, zuri kabisa. Ndani yake wamehifadhi ndoo na mafagio. Tukakaa foleni ya wote kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Muuguzi, binti mwenye adabu, simlaumu, alimpima akashtuka. "Bibi, presha iko juu sana. Ila dawa zimeisha, mkanunue." Kisha akamsogezea daftari na pedi ya wino, shangazi akabonyeza dole gumba kwamba amehudumiwa. Amehudumiwa! Akarudi kwake bila hata kidonge kimoja, na leo ni mmoja wa wanufaika mliowaandika kwa herufi kubwa.

Na hicho kidole nacho kina habari yake. Wino umekikubali, mashine ya kusajili laini ilikikataa. Mara nne kijana wa kibandani alikifuta kwa kitambaa, akakipuliza, akakibonyeza, mashine ikagoma. Miaka 60 ya jembe la mkono imekula alama zote. Basi laini ikasajiliwa kwa jina la mjukuu mkubwa aliyeko Makambako, na siku hizi mnatuambia fedha za wazee zipite kwenye simu kwa sababu ni salama. Zinafika salama kabisa, Makambako. Shangazi anasikia tu kwamba zimetoka.

Zanzibar tangu 2016 aliyetimiza miaka 70 anapewa pensheni kwa sababu ana miaka 70. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kidogo, lakini hakuna anayekaa mkutanoni kupambanua nani maskini wa kutosha, wala mwandishi wa kuja kuuliza nani ana mwamko. Bara tumebaki na mablanketi ya tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani.

Ninachopendekeza hakina gharama. Posho za wanaoandaa hizo taarifa, pamoja na ya mwandishi wenu, zilipwe huku bondeni kwetu, Machi, saa mbili asubuhi, kwa mashine ya alama za vidole, baada ya kila mmoja kulima ekari moja kwa jembe. Asiyefika aandikwe hana mwamko. Na lile daftari liongezwe safu moja tu: "Aliondoka na nini?"

Gambuti za kuazima ninazo, pea mbili. Namba 8 na namba 10.

Mwalimu mstaafu,
Makete