Wanangu mafundi wa Mombasa, fungueni na muandike

Wanangu,

Asalaam aleikum. Nawaandikia nyinyi mnaotengeneza simu Mwembe Tayari, mnaochomelea Changamwe, na mliomaliza chuo majuzi, cheti bado kimo ndani ya bahasha. Mimi ni fundi mstaafu. Miaka thelathini na ushei nilikuwa juu ya kreni, grisi hadi kwenye nyusi.

Mwaka mmoja mwajiri wetu, simtaji, alinunua mtambo mpya wa kupakulia makontena. Siku moja ukazimika. Tulikuwa mafundi sita, spana mkononi, tumeuzunguka kama jamaa wa marehemu. Ulifungwa kwa nambari ya siri. Meli ikakaa siku nne hadi mtu akaletwa kwa ndege. Akachomeka kompyuta yake, dakika ishirini mtambo ukanguruma. Nikamuuliza amefanya nini. Akatabasamu, akafunga mkoba. Hakuwa na kosa: mkataba haukumtaka atufundishe. Mtambo ulikuwa wetu na risiti tunayo, ila ujuzi wake uliondoka naye.

Basi mtu akiwaambia pengo letu na nchi zilizoendelea litazibwa kwa kununua vifaa vipya, mkumbusheni kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tazameni Korea Kusini. Mwaka 1968 Hyundai walianza pale Ulsan kwa kuunganisha Cortina ya Ford, vipande vimeletwa kwenye makasha. Hapa kwetu Mombasa nasi tunaunganisha magari ya makasha tangu miaka ya 1970. Wenzetu hawakutosheka na kukaza nati. Walimwajiri Mwingereza, George Turnbull, aliyejua kuendesha kiwanda cha magari. Umbo wakachorewa na Mtaliano, injini wakachukua kwa Mitsubishi, na kufikia 1976 gari lao, Pony, liko barabarani. Injini waliyoibuni wenyewe ikatoka 1991. Hesabuni miaka hiyo kabla ya kukata tamaa. Serikali yao nayo iliwafungia soko magari ya nje, kisha ikawabana wauze ng'ambo. Sisi miaka ya 1990 tulifungulia mlango magari ya mitumba, na karakana zikanywea. (Siwasifu kwa yote. Wafanyakazi wao waliteswa sana enzi zile.)

Hata M-Pesa tunayojivunia tangu 2007, kompyuta zake kuu zilikaa Ujerumani hadi 2015. Na kebo za intaneti zinatokea baharini hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini wengi wetu tunazitumia kutazama mpira.

Sasa niwaguse nyinyi. Juzi nilikaa kibandani kwa kijana mmoja, kibanda chenyewe hakizidi kabati. Alipuliza hewa moto kwenye bodi ya simu, akanyanyua chipu ndogo kama punje ya mchele, akainusa, akasema, "Hii ya chaji imekufa, mzee." Kweli, alipobadilisha simu ikawaka. Nikamwomba daftari lake. Akacheka: "Yote yamo kichwani." Kesho akipata viza ya Doha, kichwa hicho kinapanda ndege, na jirani yake aanze upya kuunguza bodi za watu.

Andikeni. Simu aina gani, ilikuwa na ugonjwa gani, ulipima volti ngapi, ulikosea wapi. Hasa ulipokosea. Ustadi wa majahazi yetu ulikaa mikononi mwa mafundi, na wazee walipozikwa mengi yalizikwa nao. Mimi mwenyewe nimehudhuria maziko hayo.

Na wale mtakaokalia meza za zabuni, msitie sahihi mtambo wowote bila vitabu vyake vya ufundi, nambari zake za siri, na vijana wawili wa hapa kukaa na mgeni tangu siku ya kwanza hadi aondoke. Muuzaji atasema bei itapanda. Ipande.

Nina injini ya boti nimeifungua barazani, pampu yake ya maji imenishinda. Jumamosi baada ya Alasiri, anayetaka aje. Kahawa chungu na kashata zipo; daftari mje nalo.

Mzee wenu,
Mji wa Kale