Namba za Mama

Zuhura dada yangu,

Salamu sana kwenu. Huku wazima, ila mvua imetukalia. Nakuandikia kwa sababu ya zile picha ulizonitumia za mashine ya Mama ya kupimia sukari: asubuhi 162, jioni 9.1, nawe ukasema sukari ya Mama imeporomoka. Haikuporomoka, dada. Mashine mpya inasoma kwa mg/dL, ile ya zamani kwa mmol/L, yaani vizio viwili tofauti vya sukari ile ile. Gawa 162 kwa 18, unapata 9. Bakini na hiyo mpya inayoongea na simu, kisha kwenye mipangilio ya programu wekeni mmol/L, maana ndivyo wanavyomwandikia kliniki.

Linalonisumbua zaidi ni saa. Betri ikitolewa, saa ya mashine inaweza kupotea, na Rukia, anayempima Mama, akiirekebisha kwa saa zetu, saa moja asubuhi anaiweka 1:00. Programu inaipeleka usiku! Ndiyo maana unaona Mama amepimwa saa saba za usiku. Aweke 07:00. Na kila kipimo akiwekee alama: kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. 9 kabla ya chai iko juu, kwani lengo la wengi ni 4.4 hadi 7.2, lakini 9 saa mbili baada ya wali haina neno, mradi isivuke 10. Kwa umri wake daktari anaweza hata kumlegezea. Bila alama hiyo atabahatisha tu dawa.

Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa: utamu wa embe kidoleni unaipandisha namba, maji yanaishusha. Atobolewe pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana. Kopo la stripu, vile vipande vya kupimia damu, lifungwe papo hapo; unyevu wa Pangani unaziharibu hata kabla ya tarehe yake.

Halafu kushuka. Bado anameza glibenclamide, ile dawa ya kushusha sukari, sivyo? Akiimeza akaruka mlo, sukari inashuka. Simu italia kwako Dar, lakini sukari iko jikoni Pangani, kwa hiyo wa kufundishwa ni Rukia. Chini ya 3.9: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, Mama anywe yote, wasubiri dakika 15, wapime tena. Ikiwa bado, warudie, ikipanda, ale. Akiwa hajitambui, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mrekodie haya kwa sauti, yasizidi dakika moja. Yale maandishi marefu ya kwenye kundi hakuna anayeyasoma, hata Mzee Shomari.

Sasa niambie: HbA1c ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ilikuwa ngapi? Stripu zimebaki ngapi, na nani atazinunua? Rukia ana bando, au bado anatumia la Bi Mwanaisha? Ramadhani Mama anafunga? Daktari ameshaulizwa? Nijibu kabla hajaenda kliniki.

Wako,
Saumu