Barua kwa Zainabu kuhusu kikohozi cha mwanawe

Kilifi

Mpendwa Zainabu,

Nakusalimu sana. Barua yako ilinifikia jana, na tangu niliposoma kuwa mwanao wa miezi mitatu ana mafua na kikohozi, na kwamba nyumbani mnashauriana kumnunulia antibiotiki, sijatulia, kwa sababu njia hiyo niliipita mimi kwa kifungua mimba wangu.

Siku zile nilihangaika na pua iliyoziba, kifua sikukitazama. Nilimpa dawa ya chupa kutoka duka moja kwa siku tatu, kumbe ugonjwa ulikuwa wa virusi, ambavyo antibiotiki haiviui, nao ulikuwa umekwisha kushuka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa mapafuni. Usiku wa nne akaacha kunyonya, mbavu zikawa zinabonyea kila avutapo pumzi, na kulipokucha alikuwa kwenye oksijeni.

Kwa hiyo leo jioni, mwanao akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue fulana uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, ukitazama saa. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno. Hizo, au akikataa ziwa, akilegea, midomo ikigeuka rangi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, mpeleke hospitali hata kama hana homa. Wangu hakuwa nayo. Yasipokuwapo hayo, mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi kuliko kawaida. Asali usimpe, hata mama mkwe akisisitiza kwa mapenzi, kwa kuwa hajatimiza mwaka.

Hapa kwetu, mwaka 2009 na 2010, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walizifuata familia za mashambani kwa miezi sita, wakichukua vipimo vya pua vya kila aliyemo nyumbani mara mbili kwa wiki, wakaona kwamba kirusi cha RSV, kiletacho mafua na kikohozi kama hiki na kushuka hadi mapafuni, ambacho karibu kila mtoto hukipata kabla ya miaka miwili, mara nyingi huletewa mtoto mchanga na ndugu zake wakubwa, hasa wanaosoma. Nami nilikuwa nikiwazuia wageni mlangoni! Wale wako wawili wanawe mikono kwa sabuni watokapo shule kabla ya kumbeba, na wasimbusu usoni. Lakini usiwagombeze, maana wanampenda.

Niandikie hesabu utakayoipata. Ikifika 50, usingoje jibu langu. Chukua kadi yake ya kliniki uondoke usiku huo huo.

Wako akupendaye,
Mwanaisha